Amri ya Mfalme Juu ya Mbuzi Tabora

"Rex vicecomiti salutem," Vénérand alisoma kwa sauti, barakoa ikimwingia mdomoni kila alipovuta pumzi. Upande wa pili wa uzio Mama Chibalonza aliacha kukata vitunguu, akaweka kisu chini, akapiga ishara ya msalaba.

"Amina," alisema. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama. Ni mambo ya mbuzi."

"Ya mbuzi? Padri wa kwetu Bukavu alikuwa anasema hivyo hivyo siku ya kuzika. Miye nilikuwa mtoto mudogo, lakini masikio haizeeke. Endelea, Papa Vénérand. Inapendeza."

Vénérand akaendelea, maana ametumwa, na aliyetumwa hakati maneno katikati. "Praecipimus tibi quod juste et sine dilatione..." Ulimi wake ulipita juu ya maneno hayo ya Kilatini kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, bila kujua lipi limekaza na lipi litamtupa. Alichojua ni kile alichoelezwa jikoni na mzee ambaye yeye ameajiriwa kumtunza: kwamba hapo kale mfalme wa Uingereza alikuwa akimwandikia mkuu wake wa wilaya, anamsalimu kwanza kwa adabu, kisha anamwamuru afanye haki bila kuchelewa, amrudishie fulani mifugo yake ambayo fulani mwingine ameikamata na kuing'ang'ania. Mahali pa fulani wa kwanza mzee alikuwa ameandika Venerandus. Mahali pa fulani wa pili ameandika Chibalonza, bila kuligeuza, kwa sababu jina hilo, alisema, lilishakuwa na heshima ya kutosha.

Mbuzi mwenyewe alikuwa anasikiliza. Jina lake Tabora, mweusi mwenye soksi nyeupe, na tumbo lilimtoka pande zote mbili kama mtu aliyebeba vikapu. Mama Chibalonza alikuwa amemfunga kwenye mti wa chuma wa kuanikia nguo, ule unaozunguka kama mwavuli, kwa hiyo kila Tabora alipotaka kujikuna na kuzunguka, mashuka na magauni ya mama nayo yalizunguka, polepole, kama watu kwenye ngoma ya harusi.

Kesi ilianza hivi. Upepo wa mwisho wa baridi uliangusha bati moja la uzio. Tabora akapita pale. Asubuhi ikamkuta amesimama katikati ya bustani ya Mama Chibalonza, lengalenga zote, mchicha wake, zimeliwa hadi shina, sukuma wiki zimebaki vijiti. Mama hakupiga kelele. Alimshika kwa sikio, akamfunga, akaziba pengo kwa chaga la kitanda kikuukuu, kisha akatangaza kupitia mbao za chaga kwamba mbuzi hatoki.

"Na akizalia hapa kwangu," alisema, "mtoto wa kwanza ni wa miye. Kwetu njo vile."

Hapo ndipo Vénérand alipokosa usingizi. Si kwamba hakuwahi kupoteza kitu. Alikuwa amepoteza nyumba, nchi, na baiskeli nzuri sana. Shule aliisoma vipande vipande, kidogo Burundi, kidogo chini ya turubai kambini Kigoma. Kisha akakata tumbaku Tabora, akabeba magunia, akaja huku ughaibuni kujifunza Kiingereza ukubwani kwenye ghala moja la Smithfield, katikati ya mashine zinazokizidi Kiingereza kelele. Lakini katika kuhama kote huko hakuwahi tena kumiliki mnyama. Kwao mtu asiye na mnyama ni mgeni hata nyumbani kwake: hana cha kumpa rafiki, hana cha kumtambulisha kwa mkwe. Alipopata kazi ya kumtunza Mzee Elkana huku Penrith, akaona ule uwanja wa nyuma wenye nyasi hadi magotini, alisimama akautazama mpaka mzee akamuuliza kama ameona nyoka.

"Naona mbuzi," alijibu Vénérand.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Bado hajanunuliwa."

Mzee alicheka, akakubali. Ndivyo Tabora alivyokuja. Mwenyewe Vénérand alikaa Lidcombe, ghorofani, mahali ambapo hata kuku angeandikiwa barua ya kufukuzwa. Kila asubuhi alipanda treni tupu, barua yake ya ruhusa ya kazi ikiwa mfukoni, akashuka Penrith, na kabla hajanawa mikono ya kumhudumia mzee, alipita uani kumsalimu mbuzi. Mtoto wa kwanza wa Tabora alikuwa ameshapata mwenyewe: bintiye Irankunda angeolewa lokidauni ya corona ikiisha, na Vénérand alitaka siku hiyo asimame mbele ya wakwe na kamba mkononi, na kwenye kamba kuwe na kitu kinachopumua.

"Umemaliza?" Mama Chibalonza aliuliza.

"Nimemaliza."

"Ni nzuri. Lakini mwambie mzee wako, mufalme wa Uingereza hakukuja kupanda lengalenga na miye. Ninataka mdhamini. Mutu anisimamie, aseme: nikirudisha hii mbuzi, kesi haitakimbia. Halafu tutaona."

Vénérand alimpitishia Tabora majani aliyokata, kati ya mbao za chaga, akarudi ndani.

Mzee Elkana alikuwa mezani, amevaa sweta na kofia ya sufu, redio mbele yake ikisoma idadi ya wagonjwa wa leo. Alikuwa Mkalenjin mrefu aliyekunjwa na miaka. Alianza ukarani mahakamani Eldoret, akaishia kufundisha historia ya sheria ya Waingereza, na hati za kale alizipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Tangu Juni hakuwa ametoka nje ya mlango. Binti yake Peninah, mwenye nyumba, alikuwa nesi wa wodi ya corona. Alikuwa amehamia chumba karibu na hospitali ili asimletee baba ugonjwa, na alikuwa amemwambia kwa simu, akilia, akae ndani. Mzee akakaa ndani. Kisha akafunga dirisha. Kisha akafunga pazia la upande wa uzio, ule ambapo zamani yeye na Mama Chibalonza walikuwa wakibishana kila jioni, mmoja ameshika bomba la maji, mwingine kikapu cha nguo.

"Amesemaje?" aliuliza, akizima redio.

"Amesema amina."

Mzee alicheka mpaka kifaa chake cha sikioni kikapiga mluzi. "Na baada ya amina?"

"Anataka mdhamini."

"Plegii! Wadhamini!" Mzee alipiga meza. "Wewe Vénérand, umesikia huyo mama? Hiyo ndiyo sheria yenyewe! Ukikamata mnyama wa mtu kwenye shamba lako, uko na haki ya kumshika, lakini huwezi kumla, huwezi kumfanyisha kazi. Mwenye mnyama anakuja na hati, anaacha wadhamini, anarudishiwa mnyama wake, halafu ndiyo mnakaa mnasikiza kesi. Nani alimfundisha?"

"Kwao njo vile," alisema Vénérand kwa sauti ya mama.

"Sasa tumpe wadhamini." Mzee alishachukua kalamu. "Hapo nyuma makarani walichoka kutafuta watu wa kusimama. Wakawa wanaandika tu majina. John Doe na Richard Roe."

"Hao walikuwa nani?"

"Hakuna. Hawakuzaliwa."

Vénérand aliacha kufuta meza. "Mzee! Wadhamini hewa?"

"Ilikuwa desturi ya mahakama, bwana. Kila mtu alijua."

"Kambini kwetu kulikuwa na watu hewa wanaokula unga kila mwezi. Nao kila mtu alijua."

Hata hivyo alikwenda, kwa kuwa ametumwa. Mama Chibalonza alimsikiliza kwa makini, mikono kiunoni.

"Huyu John Doe anakaa nyumba namba ngapi?"

"Hayuko hapa karibu, mama."

"Hata hiyo ingine?"

"Roe? Naye hayuko."

"Papa Vénérand, unaniangalia macho na unadanganya na barakoa juu. Aje nimuone meno!" Alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Aliokota shuka moja lililoanguka, akalikunja vizuri kuliko lilivyohitaji. "Sikia. Karatasi imekuja, karatasi imekuja tena. Uso hata moja. Miezi yote hii ninaanika nguo hapa, ninaongea na mabati. Huyu mzee alikuwa ananitukana kila jioni juu ya maji yangu inayoingia kwake. Sasa hata tusi hakuna. Ninaona pazia tu. Mwambie sitaki John, sitaki Richard. Alete mwili."

"Mwili?"

"Mwili yake. Isimame hapa. Mbuzi itarudi."

Aliporudisha maneno hayo jikoni, Mzee Elkana hakucheka. Alikaa akizungusha kifuniko cha kalamu.

"Hiyo nayo ni hati," alisema mwishowe. "Habeas corpus. Mfalme anamwambia mlinzi wa gereza: yule uliyemfungia, leta mwili wake hapa mbele, tuuone."

"Aliyefungwa hapa ni nani?" Vénérand aliuliza.

"Si mbuzi."

Vénérand alitazama pazia. Alianza kuosha vyombo.

Siku zilizofuata hakukuandikwa hati yoyote. Vénérand alimwogesha mzee, akamkata kucha, akampikia uji mzito anaoutaka, na kati ya kazi na kazi alikwenda kwenye chaga kumwangalia Tabora. Kiwele kilikuwa kimejaa na kung'aa. Halafu Alhamisi alipitisha mkono kati ya mbao, akagusa shina la mkia, na mishipa iliyokuwa migumu kama kamba ya gitaa ikawa haipo. Kidole kilizama kama kwenye mkate. Tabora alikuwa anachimba ardhi kwa mguu mmoja, anaacha, anasikiliza tumbo lake mwenyewe, anachimba tena. Mashuka yalizunguka.

"Ni leo au kesho," alisema Mama Chibalonza kutoka kwenye kibaraza chake. Alikuwa ameshatandika magunia.

Vénérand alirudi ndani. Kazi yake ilikuwa na sheria zake, na aliziheshimu: mteja hasukumwi, hatishwi, haamriwi. Mteja akisema hapana, ni hapana. Na mzee huyu akitoka na kuugua, Peninah angemwangalia vipi? Kisha alikwenda kabatini, akatoa viatu vya mzee vya ngozi, vya kahawia, vilivyokuwa vimeanza kuota ukungu. Akavifuta vumbi, akavipaka mafuta, akaviweka kizingitini, ncha zikitazama nje.

Mzee aliviona. "Hivyo vinaenda wapi?"

"Haviendi popote. Vinapata jua."

"Vénérand."

"Mzee, mimi sikuamrishi. Kazi yangu hainiruhusu, na hata ingeniruhusu, wewe ni mtu mzima kuliko baba yangu alivyowahi kuwa. Nakuomba tu. Mbuzi wangu anazaa."

Nje helikopta ya polisi ilipita ikikagua barabara.

"Peninah akijua..."

"Peninah alisema usiende kwa watu. Uzio hauko kwa watu. Uko kwako nusu."

"Na nusu ingine?"

"Nusu nyingine tutaiachia mita moja na nusu."

Mzee alitazama mikono yake. Akaificha chini ya meza, akaona Vénérand anaitazama, akaitoa tena. "Si ugonjwa tu unaoniogopesha," alisema. "Nimekaa sana. Naogopa hata hiyo mbingu. Ni kubwa sana ukitoka ghafla."

"Utaangalia viatu kwanza," alisema Vénérand. "Mbingu itangoja."

Miguu ilikuwa imevimba. Vénérand alipiga goti, akafungua kamba za viatu zote hadi tundu la mwisho, akanyunyiza poda, akaingiza vidole vya mzee kimoja baada ya kingine, akasukuma kisigino kwa kiganja cha mkono, taratibu, kama anayerudisha mkate kwenye tanuri. Cha kulia kiliingia. Cha kushoto kiligoma. Walipumzika. Mzee alimwambia kwamba mfalme mmoja wa kale alikuwa na wakuu wa wilaya wavivu kiasi kwamba ilibidi awaandikie mara tatu, na mara ya tatu akawatisha. Cha kushoto kikaingia. Vénérand alimfungia barakoa, akiipitisha kwa uangalifu nyuma ya sikio lenye kifaa, akamsogezea kigari chake cha kutembelea.

Magurudumu yalizama kwenye nyasi. Mzee alitembea akiwa ameinama, anaangalia ngozi ya kahawia ya viatu, hatua, kigari, hatua. Katikati ya uwanja alisimama akainua kichwa. Jua la baada ya baridi lilimpiga usoni, akafumba macho, akasema neno moja la Kikalenjin ambalo Vénérand hakulielewa na hakuuliza.

"Eh!" sauti ilitoka nyuma ya chaga. "Kumbe uko na miguu!"

"Habari yako, Mama Chibalonza," alisema mzee, rasmi kabisa.

"Habari ya nini? Umenenepa!"

"Na wewe maji yako bado yanaingia kwangu."

"Mungu ni mwema," alisema mama, na akageuka haraka kupangusa macho kwa kona ya shuka lililokuwa linapita.

Mzee aliegemea kigari, akavuta pumzi. "Nimekuja kumsimamia Vénérand Kubwimana," alisema. "Namdhamini. Corpus pro corpore. Mwili kwa mwili. Akikimbia kesi, unishike mimi."

"Nikushike nikufunge wapi? Hapa kwa nguo?"

"Utaona mwenyewe. Lakini sheria inasema huwezi kunifanyisha kazi."

"Kazi gani? Hata mbuzi inakupita!" Alicheka sasa kicheko chote, kile cha zamani, kikapiga mabati. Alisogeza chaga. Alifungua fundo, akampiga Tabora kofi dogo la matakoni. "Nenda kwa papa yako."

Tabora alisimama kwenye pengo, miguu miwili Kongo na miwili Burundi, akafikiri. Vénérand hakumwita. Alinyoosha tu mkono wenye majani, na mbuzi akavuka, mzito, akipumua kwa kelele, akampita mzee kwenye kigari, akaenda moja kwa moja kulala chini ya dirisha lenye pazia. Vénérand alipiga goti pembeni yake. Aliweka kiganja tumboni na kitu kilimgonga kutoka ndani, kwato ndogo, bila adabu yoyote.

"Kesi yenyewe bado," Mama Chibalonza alikumbusha. "Lengalenga yangu!"

"Kweli," alisema mzee. "Hati inarudisha mnyama tu. Kesi inasikizwa baadaye. Tunaweza kuanza kesho."

"Kesho nina kazi mingi. Tutaanza, halafu tutasukuma kwa kesho kutwa."

"Mahakama inaweza kuahirisha."

"Iahirishe mara mingi," alisema mama. "Lakini kwetu, mbuzi hairudi hivi hivi, kavu. Watu wanakunywa kwa chungu moja. Miye nimepika pombe na ile mtama ya chakula ya ndege, ya dukani. Imechacha vizuri. Lakini na hii corona..."

Kwao Vénérand nako haikuwa tofauti: waliogombana huinamia chungu kimoja, vichwa vinagusana, kila mtu na mrija wake. Hakuna chungu kinachofika mita moja na nusu.

"Kwetu wazee walikuwa na mirija mirefu," alisema Mzee Elkana polepole. "Mirefu sana. Mtu angekaa ukutani na chungu kiko katikati ya nyumba. Nilipokuwa mdogo niliiruka kama kamba."

Vénérand aliinuka, akaenda kwenye banda la vifaa. Humo kulikuwa na bomba jembamba la plastiki la kumwagilia maua, jipya, limeviringwa bado na karatasi ya dukani. Alilikata kwa kisu vipande vitatu, akavisuuza kwa maji ya moto, akarudi navyo begani. Mama alikwishaleta sufuria akaiweka pale kwenye pengo, juu ya bati lililoanguka, akarudi nyuma hadi kibarazani kwake. Mzee alikalia kiti cha kigari chake. Vénérand alikaa majanini, mgongo karibu na mbuzi, aweze kumsikia.

Walishusha barakoa. Mzee alivuta kwanza, mashavu yakaingia ndani, na kinywaji kikapanda ndani ya plastiki angavu, mstari wa kahawia ukitambaa juu ya nyasi. Mama Chibalonza alivuta wake. Mstari wake ulifika nusu ya njia, yeye akamtazama mzee alivyokodoa macho, akacheka, na kinywaji chote kikarudi sufuriani.

"Vuta, mama," alisema Vénérand.

"Ninavuta! Ananichekesha!"

Akavuta tena. Nyuma yake nguo zilikuwa zimetulia. Tabora aliguna, akanyoosha mguu, na Vénérand akatua mrija wake, akaweka mkono, akangoja, huku macho yake yakifuata ule mstari wa kahawia unaopanda, unasimama, unapanda.